BUSTANI YA FORODHANI NA FUNGU LA KUITUNZA

Kila mwaka inapowadia miezi ya kusomwa makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali katika Baraza la Wawakilishi, masikio ya wananchi huelekea kwenye mambo makubwa: barabara, bandari, skuli, hospitali na mishahara. Ni haki yao. Lakini yako mambo madogo ambayo hupita katikati ya hesabu hizo kama dagaa apitavyo katika jarife la papa, wala hapana anayeyauliza mpaka siku yanapoharibika. Leo tunawaomba wasomaji wetu watupe nafasi tulizungumze moja katika hayo, nalo ni fedha zinazotumika kuzifufua bustani za umma, na khasa bustani yetu ya Forodhani.

Tunajua kwamba wako watakaotucheka. Watasema: watu wanalilia maji ya mfereji na dawa za hospitali, na hawa wameketi wanaandika habari za majani na viti vya bustani! Hoja hiyo tunaiheshimu, maana aghalabu huitoa mtu mwenye dhiki ya kweli. Lakini hatukubaliani nayo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilituonesha kwamba Zanzibar ina watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikaonesha watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka karibu watu laki sita, na visiwa havikuongezeka hata pishi moja ya mchanga. Karibu nusu ya watu hao wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Mwenye nyumba ya ghorofa yenye ua na kisima anaweza kuishi bila ya bustani ya umma, kwani anayo yake ndani ya kuta zake. Mwenye chumba kimoja cha kupanga Kikwajuni au Jang'ombe, naye ana watoto watano, hana. Kwake yeye Forodhani baada ya sala ya magharibi si anasa. Ndio ukumbi wake, ndio upepo wake, ndipo mahali anapoweza kumkalisha mama yake mzee mbele ya bahari bila ya kudaiwa kiingilio. Anayemwambia mtu huyu kwamba bustani ni mchezo wa watu walioshiba hajapata kulala chumba cha bati mwezi wa Februari.

Na tukumbushane bustani hii imetoka wapi. Jina lake linajieleza: forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru. Ufukweni hapo ndipo mizigo ilipoteremshwa na kuhesabiwa, karafuu na pembe za ndovu na, tusifiche, wanadamu wenzetu. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alilisimamisha Bet el-Ajaib likiitazama bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Kiingereza ililipiga eneo hilo la majumba ya kifalme kwa muda usiotimia saa moja, na moshi ulipotawanyika nchi ilikuwa imekwishabadilika mikono. Mwanzoni mwa karne ya ishirini likaja gari la moshi la Bububu, likawa linaishia mbele ya Ngome Kongwe. Kisha bandari ikahamia Malindi, reli ikang'olewa, na katikati ya miaka ya 1930 uwanja huo ukafanywa bustani kwa kuadhimisha miaka 25 ya kutawala kwake Sayyid Khalifa bin Haroub. Ikaitwa Bustani ya Jubilii. Mwaka 1956, kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret wa Uingereza, ukajengwa upande wa bahari upinde mweupe wa kumlakia.

Msomaji makini ataona kwamba fedha za bustani zilitoka pale alipokuwapo mkubwa wa kuadhimishwa au mgeni wa kupokewa. Katika zama hizo hizo za Himaya, Mnazi Mmoja palikuwa na viwanja vya golf na kriketi kwa starehe za Wazungu, ilhali wakaazi wa Ng'ambo, umbali wa kutupa jiwe, mwaka 1928 walifikia kugoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea vibanda vyao. Hapana aliyewauliza wangependa kivuli kipandwe wapi. Hatuyataji haya kwa kufufua kinyongo cha waliokwishafariki. Tunayataja kwa sababu desturi ya kuitazama bustani kama pambo la siku ya sherehe, badala ya kuitazama kama huduma ya kila siku mfano wa taa za barabarani na mfereji wa maji, ni desturi tuliyoirithi, na urithi huo hatukuukataa kama tulivyoyakataa mengine.

Bustani ikachakaa. Wenye umri wa makamo wanaikumbuka ilivyokuwa kabla ya mwaka 2008: ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, majani yamegeuka vumbi, maji machafu hayana pa kwendea, na katikati ya yote hayo umma haukuacha kuja, maana pweza na mishkaki na urojo na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu vilikuwa papo hapo, na usiku wa Forodhani una nguvu ya kumsahaulisha mtu anakanyaga nini. Mwaka 2008 bustani ikafungwa kwa matengenezo. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukatumia zaidi ya dola milioni 2 za Kimarekani. Ukuta wa bahari ukatengenezwa, mifereji ikachimbwa, taa zikawekwa, miti mikubwa ikahifadhiwa, watoto wakapatiwa uwanja wao na wachuuzi mahali pao. Tarehe 30 Julai 2009 ikafunguliwa, na mji mzima ukaenda kutazama.

Kazi ile ilikuwa kazi njema, na sisi hatuna tabia ya kulitukana jema kwa kuwa halikufanywa na watu wetu. Tena tunaongeza kwamba ilifanywa kwa staha: haikuiuza bustani, haikuizungushia ukuta, haikumfukuza mchuuzi wa mwisho ili aje mwenye mkahawa wa vioo. Katika mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ambao kila kiambaza chake kinatamaniwa na mwenye hoteli, hilo si jambo dogo. Tazameni Shangani, hatua chache kutoka hapo: jumba kongwe la Mambo Msiige, lililokuwa la Serikali na likafanyiwa kazi za Serikali, tangu mwaka 2015 ni hoteli ya kifakhari. Atakaye kuitazama bahari kutoka baraza yake na ainunue kahawa yake kwanza.

Sasa wako wanaotuambia: fedha zile hazikutoka Khazina, zilikuwa hiba, kwa hivyo raia hana la kuuliza. Hoja hii inasemwa kwa utulivu mkubwa na watu wenye elimu, ndiyo sababu tunataka kuijibu. Mtu akikupa ng'ombe hakukupa na majani ya kumlisha. Tangu jioni ya siku ile ya 30 Julai 2009 bustani imekuwa mali ya umma iliyotengenezwa, na kila senti ya kuiweka katika hali ile lazima itoke mahali. Ikitoka katika mfuko wa Serikali au wa Manispaa, ni fedha ya umma. Isipotoka, thamani inayopotea ni thamani ya umma vile vile. Kwa njia zote mbili mwananchi analipa, na anayelipa ana haki ya kuoneshwa hesabu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, na tunamwomba msomaji asiondoke, ijapokuwa tunaingia katika lugha ya makarani. Matumizi ya Serikali yana mikoba miwili. Uko mkoba wa kazi za maendeleo, ambao ndani yake hutiwa majengo mapya, barabara mpya na matengenezo makubwa. Na uko mkoba wa kazi za kawaida, ambao ndani yake humo mishahara, mafuta, balbu, mafagio, rangi na maji. Mkoba wa kwanza una marafiki wengi. Mfadhili anaupenda kwa sababu unapigika picha. Mkandarasi anaupenda kwa sababu unazo zabuni. Kiongozi anaupenda kwa sababu una jiwe la msingi, na jiwe la msingi huandikwa jina la mtu. Mkoba wa pili hauna rafiki. Hatujapata kuona utepe ukikatwa kwa kuwa mtunza bustani amelipwa mshahara wake kwa wakati, wala hatujaona jiwe lililoandikwa kwamba katika mwaka fulani, chini ya waziri fulani, kifuniko cha mfereji kilirejeshwa mahali pake siku ile ile kilipovunjika. Na katika mwaka wa dhiki, fedha zinapopungua, mkoba wa pili ndio unaokatwa mwanzo, kwa sababu majani hayaandiki barua ya malalamiko.

Bustani ya pwani ina maadui wasiolala. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huzila nguzo za taa na misumari ya viti. Bahari yenyewe husukuma ukuta mawimbi baada ya mawimbi, na palipofunguka tundu la ngumi leo, baada ya misimu kadha patapita ngalawa. Mafuta ya kukaangia humiminwa mferejini, yakaganda, na mvua ya masika ikija maji hurudi juu. Majani hukanyagwa na maelfu ya miguu kila jioni. Yasipopata maji asubuhi na mapumziko ya siku chache kwa zamu, hubaki udongo. Miti mikongwe hutaka mtu mwenye ujuzi wa kuitazama tawi kwa tawi, kwani tawi bovu haliangukii jioni ya watu wawili. Dawa ya yote haya inajulikana na haina fahari: wafagiaji wanaoamka kabla ya alfajiri, fundi wa umeme mmoja, fundi mwashi anayeukagua ukuta kila baada ya mwezi wa bamvua kubwa, mpira wa maji, na fungu la fedha lenye jina lake katika vitabu, lisiloweza kuhamishwa kimya kimya kwenda kununulia viburudisho vya semina.

Mabaharia wetu wanalielewa jambo hili kuliko makarani. Jahazi likishapandishwa pwani hupigwa kalafati na kupakwa deheni, mwaka huu na mwaka ujao na wa kufuata, wala nahodha hasemi kwamba kwa kuwa chombo ni kipya basi deheni ingoje. Anayengoja hupoteza chombo na shehena pamoja.

Kwa anayedhani tunatia chumvi, na aingie Forodhani, aiweke bahari mgongoni, anyanyue macho. Bet el-Ajaib, jumba lililotajwa duniani kote kama pambo la mji wetu, mwaka 2012 liliangukwa na sehemu ya baraza na paa lake. Ulikuwa ufa uliosikika mji mzima. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wamo ndani kulitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Walikuwa watu waliokwenda kazini asubuhi ili warudi na chakula cha watoto. Gharama ya kulisimamisha tena jumba lile haiwezi kulinganishwa na gharama ya kuyaziba matundu ya paa kila mwaka katika miaka ile mingi ambayo mvua ilikuwa ikiingia na hapana fungu la kuizuia. Na roho mbili hazina fungu katika makadirio yoyote.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ukuta huo utajengwa kwa mkopo wa nani. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 38 kwa huduma za miji ya Zanzibar, na miongoni mwa kazi zilizofanywa chini ya mpango huo ni ujenzi mpya wa ukuta wa bahari wa Mizingani, unaoanzia karibu na bustani yetu. Ukuta ule ulihitajika, hapana shaka. Barabara ilikuwa inamong'onyoka na kuingia baharini. Lakini zile hazikuwa hiba. Ni mkopo, wa masharti nafuu, lakini mkopo. Watakaoulipa wengine wao hivi sasa wanasukumwa bembea katika uwanja wa watoto wa Forodhani. Ndiyo maana hatuoni sababu ya kuwaficha wazazi wao ni shilingi ngapi zinazotengwa kila mwaka ili ukuta huo usihitaji mkopo wa pili.

Tuyaseme na ya mapato. Bustani hii, tofauti na bustani nyingi, inajua kuzalisha. Kila jioni wapishi wa Forodhani huwasha majiko yao, na wageni kutoka kila pembe ya dunia huja kula. Tunauliza kwa adabu: lolote linalotozwa hapo, kwa mchuuzi, kwa mwenye kukodi uwanja kwa sherehe, kwa mwenye kubandika tangazo, linaingia katika kitabu gani, na katika hilo ni kiasi gani kinarudi kwenye bustani yenyewe? Ikiwa kinarudi chote, na ioneshwe, nasi tutakuwa wa kwanza kuchapa pongezi katika karatasi hii. Ikiwa kinamezwa na mfuko mkuu na bustani ikabaki kuombaomba, basi mchuuzi anayetoa ushuru wake na huku akiagiza kijana wake afagie mahali pake mwenyewe ametozwa mara mbili. Tena mchuuzi huyu ndiye mlinzi wa kwanza wa bustani. Yeye ndiye anayejua taa ipi imezimika tangu juzi na mfereji upi unanuka. Anastahiki kiti katika kamati yoyote ya kuisimamia Forodhani, kiti chenye sauti, pamoja na wakaazi wa Shangani na Malindi, na akina mama wanaokuja na watoto kutoka Ng'ambo. Sheha huteuliwa na wakubwa, hachaguliwi na jirani zake. Kwa hivyo haitoshi kusema kwamba wananchi wamewakilishwa kwa kuwa sheha alialikwa mkutanoni akanywa chai.

Hatutaki jambo lisilowezekana. Tunataka katika makadirio uwepo mstari mmoja ulioandikwa Bustani ya Forodhani, wenye pande mbili, kilichoingia na kilichotoka, na mstari huo ubandikwe ubao mkubwa langoni mwa bustani, kwa Kiswahili, kila baada ya miezi mitatu, mahali ambapo anayekula muhogo na pweza anaweza kuusoma kwa taa ile ile aliyoilipia. Ubao na karatasi havihitaji mfadhili. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apitapo katika vitabu vya Manispaa, na auangalie mstari huo kama anavyoiangalia mistari minene.

Neno hili tunalisema pia kwa ajili ya miji ambayo haijapata bahati ya kupendwa na mfadhili. Wete ina haki ya kivuli na kiti kama Shangani. Kadhalika Chake Chake, Mkoani, Mkokotoni na Makunduchi. Lakini tunawaasa ndugu zetu wa miji hiyo: atakapokuja mtu na ramani ya rangi, yenye chemchemi ya maji na mataa ya kila namna, msimwulize itagharimu kiasi gani kuijenga. Hilo atalisema mwenyewe kwa furaha. Mwulizeni mwaka wa tatu nani atalipa maji yake, nani atamlipa mfagiaji, na chemchemi ikiziba fundi atatoka wapi. Akishindwa kujibu, mwambieni apande miembe na mikungu, ajenge mabaraza ya mawe chini yake, achimbe kisima, na fedha zitakazobaki ziwekwe kwa ajili ya mtu mmoja wa kuitunza kwa miaka kumi. Bustani ya namna hiyo haitapigwa picha za kupeleka Ulaya, ila wazee watacheza bao hapo na watoto watapata pa kukimbilia.

Wajumbe wote wa Baraza, wa pande zote mbili, tunawapelekea nakala ya karatasi hii. Siku kifungu cha Manispaa kitakapofika mezani, tunawaomba mmoja wao asimame, dakika mbili zinatosha, aulize: kwa mwaka huu wa fedha, fungu la kuitunza Bustani ya Forodhani ni shilingi ngapi, na la mwaka uliopita lilitumika vipi? Jibu lolote litakalotolewa tutalichapa hapa neno kwa neno.